Mimea ya tangi la samaki ikianza kuumwa, tazama kwanza ni jani lipi

Mmea wa majini ukigeuka manjano, wengi wetu tunakimbilia kuuliza bei ya mbolea. Katika matangi mengi ya nyumbani huku kwetu mbolea ni mshukiwa wa tatu au wa nne. Mbele yake kuna taa, kuna maji yenyewe, na kuna jinsi mmea ulivyopandwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, vuta kiti ukae mbele ya kioo ujibu maswali mawili. Yanayoumwa ni majani ya zamani ya chini, au ni machipukizi? Na shida imeanza wiki za mwanzo baada ya kupanda, au baada ya miezi ya ustawi?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi ni virutubisho vinavyohama ndani ya mmea: vikipungua majini, mmea huvivuta kutoka majani ya zamani na kuyalisha machipukizi, hivyo jani la zamani ndilo linaloumia. Chuma, kalisi na manganisi vikishakaa kwenye jani havitoki kirahisi. Vikikosekana, jani changa ndilo linalozaliwa na kasoro. Ukilishika hilo, umeshaondoa nusu ya washukiwa bila kununua kipimo chochote.

Jani lililokwisha kuharibika halirudi. Usiipime tiba kwa kulitazama lile lenye matundu. Litazame linalochipua baada yake, na ulipe wiki mbili tatu. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Anayeongeza mbolea, taa na maji mapya siku moja hatajua kamwe kilichomsaidia wala kilichomwulia samaki.

Majani yanayeyuka wiki za mwanzo

Umenunua mmea umenawiri, siku kumi baadaye majani yamekuwa ute, yanapukutika ukiyagusa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Wakulima wa mimea ya tangi hukuza aina nyingi mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani, kwa kuwa hukua haraka na hayashikwi na mwani. Jani lililokulia hewani lina ngozi ya nta na limezoea kuvuta hewa. Likizamishwa linakuwa mzigo. Mmea hulitupa, kisha huota jipya lililo laini na jembamba zaidi.

Basi papasa katikati ya mmea. Kukiwa na kichipukizi cha kijani na shina ni gumu, kata yaliyooza, yatoe majini yasije yakachafua maji, uache mizizi ilivyo. Shina likiwa jeusi, laini na linanuka, huo umekwenda.

Kriptokorini wanajulikana kwa vituko hivi kuliko wote. Ni mimea ya Asia, kuanzia India na Sri Lanka hadi visiwa vya Indonesia, na inaweza kuangusha majani yote kwa sababu tu umeihamisha kona, umebadilisha taa, au umebadilisha maji mengi kwa mkupuo. Mizizi hubaki hai mchangani, na baada ya wiki kadhaa majani huanza kurudi. Anayeing'oa kwa hasira anatupa mmea mzima. Ukishaupanda, usiuguse tena.

Shina linaoza ingawa majani yalikuwa mazuri

Ukikuta majani ya Anubias yanachomoka moja moja huku bado ni ya kijani, chimbua mchanga. Utakuta lile shina nene linalotambaa limefukiwa, limekuwa laini na rangi ya kahawia. Anubias, ambao asili yao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, huota porini wameng'ang'ania mawe na magogo kwenye vijito. Shina lao likizikwa, linaoza. Mfungie kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au kipande cha gogo, mizizi itajishikiza yenyewe. Jimbi la Java ni vivyo hivyo. Ukiwahi, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye shina gumu jeupe au la kijani; kipande chenye majani mawili matatu kinatosha kuanza upya.

Kwa mimea inayotaka kupandwa mchangani, kama vile Vallisneria na Echinodorus, tatizo huwa ni mchanga wenyewe. Mchanga laini uliolundikwa kina kirefu hushikamana, maji hayapiti, na chini hugeuka mweusi. Ukiuchokoa hutoa mapovu yenye harufu ya mayai viza, na mizizi ya humo huwa imekufa. Sentimita tano hadi saba za mchanga wa mtoni wa chenga kubwa kidogo, uliooshwa mpaka maji yake yawe safi, zinatosha. Mchanga wa ufukweni uache hukohuko: una chumvi na vipande vya makombe ambavyo vitakuwa vinapandisha ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa na madini mengine ndani yake, siku zote.

Majani ya zamani: manjano na matundu

Jani la chini likianza manjano nchani na rangi ikaenea jani zima huku mmea ukiendelea kutoa machipukizi madogo, fikiria naitrojeni. Rangi ikififia kati ya mishipa na mishipa ikabaki kijani, fikiria magnesi. Yakitokea matundu madogo yenye kingo za manjano au kahawia ambayo hupanuka siku hadi siku, ni potasiamu. Fosforasi ni ngumu zaidi kuitambua: mmea hudumaa, majani huwa na rangi nzito, na vidoa vigumu vya mwani wa kijani hujaa kwenye kioo na kwenye majani ya Anubias.

Hesabu samaki wako. Chakula cha samaki na kinyesi chake huleta naitrojeni na fosforasi kwa wingi, lakini potasiamu kidogo tu. Tangi lenye samaki wengi na majani yenye matundu, mimi moja kwa moja naenda kwenye potasiamu. Tangi lenye samaki watatu na mimea iliyojaa laweza kukosa vyote.

Duka la pembejeo lina unachohitaji, ukijua unachoomba. Nitrati ya potasiamu, ile ya kuyeyusha ya wakulima wa vitalu nyumba, gramu 1 kwenye maji lita 100 huongeza nitrati karibu miligramu 6 kwa lita na potasiamu karibu miligramu 4. Kama nitrati unayo tayari, chukua salfeti ya potasiamu: gramu 1 kwa lita hizohizo 100 huleta potasiamu kama miligramu 4.5 kwa lita. Kiasi hicho kwa wiki kinatosha kuanzia. Magnesi hupatikana kwa chumvi ya Epsom.

Sasa onyo ambalo halina mjadala. Urea, DAP na CAN zikae shambani. DAP na CAN zina amonia ndani yake na urea huzaa amonia majini, na kwenye maji yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu; ikiwa juu, maji si machachu) amonia hiyo huua samaki kabla mmea haujafaidi. Mbolea ya NPK ya punje nayo usiitie kabla hujasoma mfuko wake. Nyingi zina amonia au urea.

Machipukizi yamefifia au yamejikunja

Jani changa likitoka manjano au karibu jeupe huku mishipa imebaki kijani, na majani ya zamani hayana neno, mshukiwa ni chuma. Kuna ujanja hapa: mara nyingi chuma kipo majini lakini mmea haukipati. Maji yakiwa na pH ya juu, chuma cha kawaida hugeuka kutu na kuzama. Ndiyo maana mbolea za chuma huuzwa kikiwa kimeshikwa na kiambata kinachokizuia kutuama. Viambata hivyo huandikwa kwenye pakiti kwa herufi: chenye EDTA huanza kuachia mapema, pH ikikaribia 7. Cha DTPA huvumilia zaidi kidogo. Cha EDDHA ndicho cha maji yenye pH ya juu. Cha EDDHA hupaka maji rangi nyekundu hafifu, usishtuke. Kama pakiti inasema chuma asilimia 6, yeyusha gramu 1 kwenye mililita 60 za maji safi. Mililita 10 za mchanganyiko huo kwa tangi la lita 100 hutoa miligramu 0.1 kwa lita, kiasi cha kutosha. Weka chupa gizani.

Jani changa likitoka dogo, limepinda, ncha zimejikunja kama ndoano, tazama kalisi, hasa kama maji yako ni laini. Maji ya mito ya milimani, kama yale ya Aberdare yanayokwenda Nairobi, yana madini machache. Kifuko cha makombe yaliyopondwa ndani ya filta hupandisha ugumu polepole. Mtu wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anayetumia kisima aruke aya hii, shida yake ni kinyume.

Maji magumu na ukoko mweupe

Sehemu kubwa ya pwani inakaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya kisima hupita humo yakibeba chokaa. Dalili yake tangini ni ukoko mweupe unaokwaruza juu ya majani, hasa ya Vallisneria na Egeria. Wengi hudhani ni ugonjwa wa ukungu. Ni chokaa. Mmea umekosa hewa ukaa ya kutosha, ukaamua kuivunja bikaboneti iliyomo majini ili upate kaboni, na chokaa ikatuama juu ya jani. Maana yake ni kwamba kaboni ni kidogo kulinganisha na mwanga ulioweka. Punguza taa au ongeza hewa ukaa, ukoko hautaendelea.

Kupima ugumu si lazima uwe na kipimo. Kisima ambacho sabuni haitoi povu, maji yake ni magumu. Kisima ambacho chai yake ina ladha ya chumvi, usikitumie kwa mimea kabisa. Changanya maji ya bomba na ya mvua. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaache yaoshe bati, kinga yanayofuata.

Halafu kuna kosa la kimyakimya ambalo huchukua miezi kuonekana. Maji hupungua kwa mvuke, tunaongeza, yanapungua, tunaongeza tena. Mvuke huondoka maji matupu na madini hubaki, kwa hiyo kila ndoo ya kisima inazidisha ugumu. Mimea iliyostawi mwaka mzima huanza kudumaa na mwenyewe hakumbuki kubadilisha chochote. Tiba ni kutoa maji ya zamani, robo ya tangi kila wiki, na kujazia upungufu wa mvuke kwa maji ya mvua.

Ushauri wangu kwa mwenye maji magumu ni kuacha kupigana nayo. Vallisneria na Ceratophyllum (mmea wa majani kama sindano) huota wenyewe katika Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9, na wote wawili wanajua kutumia bikaboneti. Panda hao, ongeza Anubias, na utakuwa na tangi la kijani wakati jirani bado anahangaika na mimea ya Amazon.

Mmea hauumwi wala haukui

Anza na taa. Matangi mengi ya dukani huja na taa ya bluu na zambarau inayowapendezesha samaki na haiwashibishi mimea. Unataka LED nyeupe, ya kelvini 6,500 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga), saa 6 hadi 8 kwa siku. Mimea ikirefuka shina na majani kuachana mbali, mwanga hautoshi. Kuongeza saa hadi 14 hakufidii taa dhaifu. Mwani ndio utakaoshukuru. Tangi kuliweka dirishani ni kutafuta maji ya kijani na joto kwa pamoja.

Kama taa inawashwa na taima ya kuzungushwa kwa mkono, ikague baada ya kila siku ya mgao. Taima za aina hiyo husimama umeme ukikatika na kuendelea pale zilipoachia. Baada ya wiki ya kukatika-katika, taa inawaka usiku wa manane na kuzima mchana, na wewe unashangaa mwani umetoka wapi. Taima ya kidijiti yenye betri ndani inaondoa adha hiyo.

Joto nalo halisemwi sana. Nyingi ya mimea ya tangi hufurahia nyuzi 22 hadi 28. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hupeleka maji nyuzi 30 na zaidi. Majani ya mosi ("moss", mimea midogo inayotambaa kama zulia) hugeuka kahawia, kriptokorini huyeyuka, Ceratophyllum hupukutika sindano. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji, kifuniko kikiwa wazi, hushusha nyuzi mbili au tatu. Inaongeza mvuke pia, kwa hiyo rudi kwenye maji ya mvua.

Kama taa, joto na virutubisho viko sawa, kinachobaki ni hewa ukaa. Kabla ya kununua mtungi, jaribu chupa ya soda: maji ya uvuguvugu lita moja, sukari gramu 200, nusu kijiko cha chai cha hamira, ndani ya chupa ya lita moja na nusu au mbili. Mpira mwembamba unaopeleka gesi tangini upite kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji, ili povu la hamira lisifike tangini. Usiweke koki ya kufunga mpira huo; hamira haisimami, chupa itapasuka. Hufanya kazi kama wiki mbili, pungufu kidogo kwenye joto. Hamira huzalisha hata usiku, wakati mimea yenyewe inatumia oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa iwashwe taa ikizimwa. Samaki wakija juu kuhema asubuhi, toa mpira mara moja na uchangamshe maji. Pampu ya hewa ikiwa inatoa mapovu mchana kutwa, inafukuza hewa ukaa ile ile uliyoigharamia.

Mwani

Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya: futa, subiri, hutoweka lenyewe. Maji ya kijani: funika tangi kwa shuka zito siku tatu au nne, kisha badilisha nusu ya maji. Utando wa kijani-bluu unaonyanyuka vipande na kunuka ni bakteria. Unyonye kwa mpira, funika siku tatu, na ukague kama kuna kona ambayo maji hayazunguki au nitrati imefika sifuri. Nyuzi za kijani: zivute kwa mswaki, punguza saa za taa.

Mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za majani ndio mkaidi. Mara nyingi hufuata hewa ukaa inayopanda na kushuka, ndiyo maana chupa ya hamira iliyochoka humleta. Kata majani yaliyozidiwa. Kwa mawe na magogo, zima filta dakika chache, vuta haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya famasi kwa sirinji na uipulizie papo hapo chini ya maji, isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi zima. Ukigeuka waridi baada ya siku mbili tatu, umekufa. Mosi na Vallisneria hawaipendi dawa hii, wakwepeshe.

Majani yameliwa, na konokono

Kingo safi, kipande kimetoka, hakuna manjano pembeni: hiyo ni kazi ya mdomo. Samaki wa dhahabu hula karibu kila laini. Perege na mbuna wa Ziwa Nyasa hula au hung'oa. Hapo suluhisho ni kubadilisha mimea au samaki. Anubias, mwenye jani gumu, ndiye anayepona mara nyingi.

Konokono wadogo wanaokuja na mimea hula zaidi majani yaliyokwisha kufa na mwani. Wakizidi, unalisha samaki kupita kiasi. Ila mimea uliyoichuma mwenyewe ziwani, bwawani au mtoni ni habari nyingine, kwa sababu konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus hubeba kichocho, na vimelea hupenya ngozi mkono ukiwa majini. Vaa glavu ndefu za mpira tangu unapochuma. Ondoa kila konokono, loweka mimea kwenye ndoo ya shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji, saa mbili hadi tatu, suuza vizuri, kisha iache kwenye ndoo ya maji safi siku kadhaa bila kutia mkono mtupu. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwa konokono havimalizi siku mbili bila kupata mwili, lakini konokono aliyeambukizwa huendelea kuvitoa, kwa hiyo kumwondoa yeye ndilo jambo lenyewe. Konokono wanaoanguliwa tangini hawana kichocho. Mdudu huyo huwafikia kupitia mkojo au kinyesi cha binadamu.

Ukiwatibu samaki kwa chumvi au dawa yenye shaba, watibu kwenye ndoo pembeni. Mimea huungua kwa vyote viwili, na shaba hubaki ikiwadhuru konokono na kamba muda mrefu.

Vipogoo usivitupe mtaroni wala mtoni. Magugu maji ya Amerika ya Kusini yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 bado yanafunga mialo. Anika majani juani mpaka yakauke kabisa, kisha yatie kwenye mboji ya bustani. Na yale maji uliyotoa tangini, kama hukutia chumvi wala dawa, mwagilia mchicha.